Kabla ya Kusaini, Pita Jikoni

Zuhura, mtoto wa kaka yangu, alikuja kwangu juzi na simu yake mkononi. Ameajiriwa mwaka huu kukagua shule zenye watoto wenye ulemavu, nami kazi hiyo niliifanya hapa pwani kabla ninyi mnaosoma haya hamjazaliwa, basi alikuja kunifurahisha. Akanionyesha picha. Darasa limepakwa rangi, mlangoni pametengenezwa njia ya kiti cha magurudumu, watoto wameketi wanacheka. Kila swali la fomu yake amelijibu ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Nikamwambia, "Mashaallah. Na jikoni uliingia?"

Akacheka. "Shangazi nawe! Mimi sikagui chakula. Hao ni watu wa afya."

Daktari amenikataza chumvi na hasira. Chumvi nimeacha. Nikamwambia Zuhura maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika hapa, naye akaondoka chai hajaimaliza. Kwa hivyo nayaandika yaliyobaki, ayasome yeye na ninyi wenzake mnaoingia kazi hii na simu zenu na mafuta ya nywele. Mkasirike mkitaka. Mimi nimekasirika kwa miaka mingi na sijafa.

Kazi yangu ilikuwa kupima watoto masikio, kisha kuwafuata shuleni nilikowapeleka nione kama wanafunzwa au wamewekwa tu. Hiyo ni miaka ya themanini, serikali ilipokuwa inafungua madarasa ya watoto viziwi ndani ya shule za kawaida. Darasa la namna hiyo tukiliita yuniti. Kwetu ni Malindi, mtaa wa zamani, lakini landrova ya ofisi ilinizungusha toka Magarini hadi Mnarani, na huu mgongo mnaouona umepinda ni barabara zile zimenipinda, si umri.

Aliyenifunza ni Mwalimu Charo, Mgiriama mtu mzima, mkali kama siki. Mashine ya kupimia ilikuwa moja, na mara nyingi ilikuwa imeharibika inangojea fundi. Charo hakuisubiri. Yeye alikuwa na kifuniko cha sufuria na kijiko. Mtoto apewe kitu cha kuchezea mbele, wewe upite nyuma kimya, upige. Akisikia atageuka. Nikajiona nimeijua kazi.

Mtoto wangu wa kwanza nilimpima Mambrui. Kila nikifika nyuma yake, anageuka. Hata sijapiga, keshageuka! Nikamwambia Charo kwa maringo kwamba mtoto huyu anasikia kuliko mimi. Charo akanisogelea, akavuta pumzi.

"Mwanamke wewe, umejifukiza udi?"

"Naam, mwalimu."

"Na asmini kichwani. Mtoto amekunusa tokea mlangoni! Nenda kaoge urudi."

Nilirudi nimeoga, nikapiga kile kifuniko mpaka kuku wa jirani wakakimbia. Mtoto kimya, anacheza na vifuu vyake. Siku hiyo Charo alinifunza mambo ambayo nyinyi hamfunzwi vyuoni: vua bangili, angalia kivuli chako kisimtangulie, simama mchangani na si juu ya mbao, kwa maana mbao hutetemeka. "Kiziwi si mjinga," alisema. "Asichokisikia atakiona, atakinusa, atakikanyaga." Toka hapo siku za kazi sikujifukiza udi wala sikuvaa asmini. Mume wangu alinung'unika mpaka akazoea.

Basi kwa kifuniko hicho hicho nilimpima Kadzo. Alikuwa msichana wa rika la darasa la tatu, ametoka na mamake mashamba ya nyuma ya Dabaso, wamekuja kwa miguu. Kusikia hakusikii kabisa, lakini macho, jamani! Nilichora samaki, akachora samaki na kumwongezea magamba. Nikamwonyesha vidole, akahesabu vya kwake. Kila aliponitaka aligusa sikio lake kisha akanielekeza kidole, ndilo jina alilonipa siku ile.

Majirani walikuwa wamemwambia mamake amweke nyumbani achunge mbuzi. Yule mama alikuwa na swali moja tu.

"Mwalimu, ataweza kuandika jina lake?"

"Ataweza."

"Basi nakupa."

Hakusema anampeleka shule. Alisema nakupa. Nikampeleka, yeye na wenzake niliowapima, kwenye yuniti moja mpya, shule siitaji, na mwalimu mkuu wake jina nimelizika, kwa kuwa ana watoto wazima na hawana makosa. Darasa lilikuwa la mawe, mabati yanang'aa, madawati yananukia mbao mpya, vyote vimetolewa na wafadhili kwa ajili ya watoto viziwi. Serikali ikampeleka kijana mwalimu aliyesomea kazi hiyo hasa. Nikarudi Malindi roho yangu kunjufu.

Sasa niwaambie ukaguzi wa siku zile ulivyokuwa. Ulikuwa na desturi zake kama harusi. Shule hupewa habari mapema. Mawe ya njiani hupakwa chokaa, kuku huchinjwa, watoto huimba. Mkaguzi hupita madarasani, hukaribishwa chakula, huandika, husaini, huenda zake. Mkubwa wangu katika safari hizo alikuwa Bwana Mutua, Mkamba, mtu msafi asiyekula hongo, ila alipenda mambo yaishe upesi arudi ofisini.

Tulipofika shule ile tulipokewa kwa nyimbo. Yuniti imejaa, watoto wamevaa mashati meupe, mikono juu ya madawati. Nikatazama uso mmoja mmoja. Kadzo simwoni, wala wenzake niliowaleta siwaoni.

"Kadzo yuko wapi?"

"Ana homa, mwalimu," mwalimu mkuu akasema.

"Na wengine?"

"Malaria. Msimu huu ni mbaya."

Nikavua bangili, nikapita nyuma ya wale mashati meupe, nikapiga kifuniko. Darasa zima likageuka! Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Salaale!"

Mwalimu mkuu hakuona hata haya. "Hawa ni wale wa kusikia kidogo," akasema. Bwana Mutua akaficha kicheko, akasema tutazungumza tukishakula.

Tulikula wali wa nazi na kuku wa kupaka, na sitawadanganya, ulikuwa mtamu. Nikatoka kwenda kunawa, nikazunguka nyuma ya jiko kutafuta maji. Hapo nikamwona Kadzo. Ameketi juu ya mbuzi anakuna nazi, sare ya shule mwilini, leso kiunoni, masizi hadi viwikoni. Mwenzake anasugua sufuria, wengine wanatoka kisimani na ndoo. Wote niliowapima kwa mkono wangu. Kadzo aliponiona aliruka, akagusa sikio lake, akanielekeza kidole, akacheka.

Nazi ya wali nilioula ilikunwa na mwanafunzi niliyekuja kumkagua!

Nilimfuata mwalimu mkuu huku mikono inanidondoka maji. Nikamwuliza hii ni nini. Akanijibu kwa upole, kama anayemweleza mgeni njia. "Wanafunzwa upishi. Wewe unadhani watafanya nini kingine maishani?"

"Na mwalimu wao?"

"Yuko darasa la nane. Mfumo mpya huu wa elimu, mtihani uko mlangoni, hisabati zimewashinda, na yule kijana ni hodari wa hisabati."

Mmeielewa? Watoto viziwi waliletewa darasa, akawapa wengine. Wakaletewa madawati, akawapa wengine. Wakaletewa mwalimu, akawapa wengine. Kilichobaki kwao ni jiko, na jiko lilikuwepo kabla yao. Na siku ya wageni huazima watoto wazima wa masikio awaketishe pale, ili hesabu ikae sawa na wafadhili waendelee kuleta. Mimi nilitaka kumpiga na kile kifuniko. Wallahi nilitaka.

Bwana Mutua alisikiliza yote akiwa amekwisha kuvaa koti. Akamwambia mwalimu mkuu, "Hii ni kasoro. Watoto wa yuniti hawafai kuwa wanasikia. Nakupatia mpaka muhula ujao urekebishe." Akasaini. Yashikeni maneno hayo, kwa sababu mwalimu mkuu aliyashika sana.

Njiani tukamkuta mamake Kadzo, anauza mchicha kando ya barabara. Nikamwomba dereva asimame.

"Mwalimu! Mwanangu vipi?" akasema, uso umechanua. "Kila siku anarudi na masizi mikononi. Mwalimu mkuu aliniambia ni masomo ya kazi za mikono, nikafurahi. Ila jina hajaandika bado."

Nikamwambia kweli yote. Nilidhani atalia. Hakulia, alipanga mafungu yake ya mchicha upya, akanitazama.

"Jiko hata mimi ninalo," akasema. "La nini atembee mwendo wote ule kufuata jiko la watu?"

Nikamsihi. Nikamwambia angoje muhula mmoja.

"Mmoja tu. Kisha namchukua mwanangu, na wewe usije tena kwangu na kifuniko chako."

Muhula ule sikulala vizuri. Mwalimu Charo alikuwa amestaafu, nilimfuata hadi shambani kwake kumlalamikia, akaniambia nisihangaike na mwalimu mkuu, nihangaike na Bwana Mutua, kwa kuwa huyo ndiye mwenye kalamu. Nilimsema Bwana Mutua kila safari, mpaka akawa akiniona anafungua gazeti.

Tukarudi. Nilitaka tuende bila kuwaarifu, ofisi ikasema hivyo si adabu. Nyimbo zile zile, chokaa ile ile. Ndani ya yuniti mashati meupe yale yale, nyuso zile zile, na Kadzo tena ana homa. Mwalimu mkuu akatabasamu. "Kasoro tumerekebisha," akasema. "Karibu upime."

Nikapita nyuma, nikapiga. Hakugeuka hata mmoja.

Nikapiga kwa nguvu zaidi. Kimya. Shingo zimesimama kama nguzo. Bwana Mutua akafurahi, akaanza kutoa kalamu. "Umeona, Mwalimu? Sasa hawa ndio wenyewe."

Lakini mimi sikuamini. Katika darasa la viziwi wa kweli ukipiga kitu, kuna atakayegeuka tu, ameona kivuli, amehisi dawati limetikisika, au amechoka kutazama mbele kwa sababu ni mtoto. Hawa walikuwa wametulia mno. Nikampa Bwana Mutua kifuniko na kijiko.

"Piga wewe. Mimi nasimama mbele."

Akapiga. Shingo hazikwenda popote, lakini kope zote zilifumba na kufumbua kwa pamoja. Nikamwita aje mbele, mimi nikarudi nyuma, nikapiga. Nikamwona uso unambadilika. Shingo unaweza kuifunza, vijana wangu. Kope haifunziki.

Nikainama nyuma ya mtoto wa karibu, nikamnong'oneza, "Mwanangu, nani amekwambia usigeuke?"

"Mwalimu mkuu," akajibu kwa sauti nzuri iliyo wazi. "Tulifanya mazoezi wiki nzima. Alisema atakayegeuka atachapwa."

Jamani! Mtu huyu hakuwahi kumfunza kiziwi herufi moja, lakini alipata muda wa kuwafunza watoto wanaosikia wawe viziwi. Na alipobanwa hakutahayari. Alimgeukia Bwana Mutua, ameudhika kwelikweli, kama aliyedhulumiwa.

"Mwataka nini nyinyi? Mlisema kasoro ni kwamba watoto wanageuka. Nimerekebisha. Sasa hawageuki!"

Nimeyafikiria maneno yale miaka yote hii, na yananiudhi kwa sababu yana ukweli. Sisi ndio tuliomwagiza hivyo. Hatukumwambia mfunze Kadzo. Tulimwambia darasa lake lionekane vizuri.

Bwana Mutua aliwaka. "Nafunga hii yuniti leo! Leo leo!"

"Ukifunga, nani atatoka?" nikamwuliza. "Jengo litabaki hapa, madawati yatabaki, mwalimu atabaki darasa la nane. Atakayetoka ni Kadzo, na yeye hata hajaingia."

"Sasa unataka nifanye nini, Mwalimu?"

"Njoo jikoni."

Alikuja. Mtu mzima, mkaguzi, miaka mingi kazini, hajawahi kuzunguka nyuma ya shule yoyote. Alisimama pale moshi unamwingia machoni, akawatazama watoto wenye sare za shule wanaopika chakula chake. Nikamshika Kadzo mkono, tukawaongoza wote hadi kwenye darasa lao. Wale wa mashati meupe walikwisha kimbia kurudi kwao, nadhani ndio waliofurahi kuliko wote.

Mbele kulikuwa na kiti. Nikamwashiria Kadzo kwa mkono aketi. Siku zile mikono ilikatazwa, mtoto kiziwi akiashiria alichapwa vidole, ati azoee kusema kwa mdomo. Baadaye wakubwa wakabadili mawazo, lugha ya ishara ikaingia, na sijasikia aliyekwenda kuwaomba radhi waliochapwa. Mimi niliashiria mbele ya mkaguzi, na asiyetaka ajue hivyo.

Kadzo alikitazama kiti. Akanitazama mimi. Akafungua upindo wa leso yake, akakipangusa kile kiti, pa kukalia, pa kuegemea, hata miguu yake, vizuri kabisa kama alivyozoeshwa. Kisha akanisogezea mimi. Akarudi ukutani, akasimama, mikono ameikunja, anangoja kuagizwa. Nyuma yake mwenzake alikuwa ameshapata ufagio na anafagia.

Walidhani wameletwa kusafisha.

Bwana Mutua akamtazama Kadzo pale ukutani. "Niko na msichana rika ya huyu," akasema. Kisha akamgeukia mwalimu mkuu, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo. "Huyo mwalimu wa yuniti aje saa hii. Na chakula yako peleka nyumbani, sisi hatukuli hapa."

Kijana alipokuja, chaki za hisabati bado zimo vidoleni, Kadzo alikuwa angali ukutani. Nilimwashiria tena, akanipangusia kiti tena. Sasa mimi nikafanya lililonijia. Nikaketi chini. Juu ya saruji, na buibui langu, mwanamke mzima wa serikali. Kadzo akashangaa, akatafuta nani basi atakikalia kile kiti. Bwana Mutua hakukikalia, yule kijana naye hakukikalia. Akacheka, akagusa sikio, akanielekeza kidole, na polepole, kama anayeingia maji baridi, akaketi.

Toka siku hiyo hatukupeleka habari mapema kwenye shule ile, ofisi iseme itakavyo kuhusu adabu. Tulifika siku yoyote, landrova tunaiacha mbali, tunaingilia upande wa jiko. Mwalimu alirudi kwa watoto wake, akabaki. Kadzo aliandika jina lake kabla muhula haujaisha, akaliandika mchangani, ukutani, na kwa mkaa juu ya mlango wa mamake, na mamake hakulifuta.

Mwalimu mkuu je? Alipelekwa shule kubwa zaidi. Akapandishwa cheo! Darasa lake la nane lilifanya vyema katika hisabati. Ndiyo maana nikisikia mtu anasema mambo yalikuwa mazuri zamani natafuta kifuniko changu.

Zuhura, sikukufukuza, ni hasira tu. Chai yako bado ipo. Lakini shule ile uliyonionyesha kwenye simu, rudi, na usiwapigie kwanza. Zunguka nyuma. Na ukimkuta mtoto huko, mlete darasani kwake umwonyeshe kiti, na akikupangusia, mama, usikikalie.